Daftari la Fundi

Nitaanza kwa kukiri. Siku niliyojua kwamba Fundi anaumwa, nilikuwa nimekwenda kumgombeza.

Peugeot 504 yangu ilikuwa imekaa uwanjani kwake siku tisa, boneti wazi, kabureta imefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gazeti kama dagaa walioanikwa. Fundi hakuwa mtu wa kuacha kabureta wazi hata usiku mmoja, sembuse kule Changamwe, Mombasa, ambako malori ya bandarini hupita kutwa kucha na vumbi huingia hadi kwenye sahani ya wali. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nikamkuta ameketi kwenye benchi lake, ambalo ni kiti cha nyuma cha Datsun iliyokufa zamani, miguu imefura hata viatu vimemshinda, amevaa ndara. Hakuinuka. Akaniambia, "Leo sina nguvu, bwana. Nipa kesho."

Miaka minane nilikuwa nikimpelekea gari na sikuwahi kumsikia akiomba kesho. Kesho tulikuwa tukiiomba sisi.

Hiyo ilikuwa Juni 2022. Usiku wa pili yake mkewe alimkimbiza hospitali kwa tuktuk, pumzi haishuki, na asubuhi tukaambiwa figo zote mbili zimeshindwa, presha iko juu mno, na damu yake lazima isafishwe kwa mashini siku hiyo hiyo. Wakamtia mpira shingoni. Umri wake miaka sitini na mitatu.

Dalili tulikuwa nazo zote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa ameacha kuchutama. Akitaka kitu uvunguni humtuma kijana wake. Alikuwa akijikuna mikono hadi tukamtania kwamba petroli imemchosha ngozi. Alikuwa akisema chakula chote kina ladha ya chuma, nasi tukacheka sana, maana huyu ni mtu aliyekaa miaka arobaini akishika skrubu kwa meno. Baadaye daktari akaniambia ladha ile ni ya sumu ambayo figo zikichoka hubaki kwenye damu. Sisi tunaojigamba kwamba twajua tepeti ya silinda ya tatu imelegea kwa kusikia tu, tulikaa na mtu mwaka mzima akitwambia kwa mdomo wake, tukadhani ni mzaha.

Na kuna habari ya ile droo. Nilitumwa gereji kumchukulia miwani, nikafungua droo ya meza anayowekea plagi na pointi, nikakuta humo vipande vya vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vingine vitupu, vingine nusu, vimechanganyika na fyuzi. Mgongo wa fundi wa magari hauna likizo. Alikuwa akinywa vidonge viwili asubuhi na viwili usiku, akinunua dukani bila kuulizwa neno, kwa miaka asiyoikumbuka idadi yake. Daktari alisema presha ndiyo aliyoishuku kwanza, lakini dawa zile za maumivu zikinywewa mfululizo huumiza figo, na mwenye presha ndiye huumia zaidi. Fundi alipimwa presha mara ya mwisho lini? Hakujua. Tangu siku hiyo kila nikiingia gereji ya mtu huitafuta ile droo kwa macho. Nimeziona tano. Zafanana.

Kikundi chetu cha wenye magari ya zamani hakina afisi wala katiba. Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda, tunakutana barabara ya Mama Ngina kando ya bahari, tunaegesha magari yakitazama bahari, tunanunua mihogo na kahawa chungu, tunabishana. Kuna Beetle tatu, Mercedes W123 mbili, Datsun 1200 pikapu, Land Rover Series III, Morris Minor moja ambayo aghalabu huja ikijiendesha na kurudi ikivutwa, na Pijo, ndivyo tunavyoziita Peugeot, tano. Majina ya watu hatuyajui vizuri. Tunaitana kwa magari: Mwalimu Beetle, Daktari Benz ambaye ni wa meno, Mama Datsun, na mimi Pijo Nyeupe. Hewa ya chumvi inakula sakafu za magari kila mwaka, na spea zenyewe ni za kuombana, nyingine tunaziagiza Kirinyaga Road kule Nairobi, nyingine tunazing'oa kwenye mizoga. Kilichotuunganisha, tukisema kweli, si mapenzi ya magari. Ni kwamba sote tulikuwa na fundi mmoja.

Fundi anapenda Pijo kuliko zote na haoni haya kufanya upendeleo. Alijifunzia kwenye zile Pijo ndefu za abiria, stesheni wageni, zilizokuwa zikikimbia masafa marefu zimebeba watu saba na mizigo juu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa mwaka 1978, Jean-Pierre Nicolas aliposhinda mbio za magari za Safari Rally kwa 504, miaka mitatu baada ya Ove Andersson kushinda kwa 504 vilevile. Na zaidi ya hayo 504 ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, tena ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kuunda saluni yake mwaka 1983. "Hii si gari ya mzungu," husema akiligonga boneti. "Hii ni mzaliwa wa hapa. Wazazi wake ndio Wafaransa."

Basi tukaanza kuchangisha.

Kadi yake ya NHIF, bima ya afya ya serikali, ilikuwa imelala. Kwa mtu wa jua kali, yaani aliyejiajiri, malipo wakati ule yalikuwa shilingi 500 kwa mwezi, na Fundi alikuwa ameacha kulipa tangu mwaka wa korona, kazi ilipopungua. Ikiwa macho, kadi ile ingemlipia vipindi viwili kwa wiki vya dayalisisi, kule kusafishwa damu kwa mashini, hadi shilingi 9,500 kila kipindi. Ikiwa imelala, haimlipii hata plasta. Shilingi 500. Mimi hiyo ningemwachia kama chenji. Hapana, naongopa, sikuwahi kumwachia chenji.

Mpaka kadi iamke ilibidi tulipe mfukoni. Wa kwanza kuja na wazo alisema tufanye maonyesho ya magari. Tukafanya. Hema, muziki, fulana zenye picha ya spana, watoto wakipigwa picha ndani ya Morris. Zilipatikana shilingi 61,400, na tulipomaliza kulipia hema, muziki na fulana zikabaki elfu tisa na ushei. Hata kipindi kimoja hazikutosha. Sitaki kuwavunja moyo wanaopenda maonyesho, lakini mgonjwa wa figo hasafishwi damu kwa fulana.

Tukarudi kwenye M-Pesa, na hapo tukakutana na kioja kingine. Mwalimu Beetle ndiye aliyekuwa mweka hazina, na kila pesa ikiingia simu yake inamwonyesha jina la mtu, si jina la gari. Hakumjua hata mmoja. Ilibidi aulize, "Huyu aliyetuma elfu mbili ni nani, Benz ya krimu au Beetle ya kijani?" Watu wamekaa pamoja miaka sita wakijuana kwa rangi za bodi. Mimi nilituma elfu tatu, nikashukuriwa hadharani, nikaona raha.

Jumapili ya pili kijana wa Fundi alikuja Mama Ngina kwa bodaboda. Ni mwanafunzi wake wa miaka minne, si mtoto wake, mtu asiyesema maneno mengi. Ndani ya shati alikuwa na daftari la shule, la mistari, limefungwa kwa utepe wa tyubu ya gurudumu. Akampa Mwalimu Beetle. "Mwatafuta pesa za nini?" akasema. "Ziko humu."

Fundi alikuwa akituandika. Hakutuandika kwa ubaya. Aliandika kama mtu aandikavyo kazi. Naye alituandika kwa magari: Beetle ya bluu, pleti ya klachi, 4,000, ametoa 2,500. Morris, plagi nne na pointi, bado. Ukurasa wangu ulikuwa wa kumi na nne. Pijo Nyeupe, mistari minne, jumla shilingi 17,300, na mstari wa juu kabisa ulikuwa pampu ya maji ya Desemba 2018. Nilikumbuka papo hapo. Nilimwambia, "Mwisho wa mwezi, Fundi." Mwezi gani, sikusema.

Magari thelathini na moja. Mwalimu alijumlisha mara mbili kwa kalamu, akapata laki nne na kumi na mbili elfu.

Yule Mwalimu ningeweza kumbusu mkono kwa alilolifanya baada ya hapo. Angeweza kulisoma daftari kwa sauti. Walikuwako waliotaka asome. Hakusoma. Aliingia kwenye Beetle yake, akakaa nyuma ya usukani, akawa anatuita mmoja mmoja. Unaingia, unafunga mlango, anakufunulia ukurasa wako mwenyewe na kuufunika wa jirani kwa kiganja, unasoma, unatoka. Wakristo wanajua kitubio; ndivyo ilivyokuwa, ila kwa harufu ya petroli. Watu walitoka wakitazama bahari. Katika siku tisa ziliingia shilingi laki mbili na tisini na kitu. Mmoja alisema alilipa taslimu zamani na Fundi alisahau kufuta. Huenda ni kweli, tukamwacha. Mmoja alilipa deni lake mara mbili, akaomba lisitajwe, nami silitaji.

Zile elfu tatu nilizoshukuriwa bado zilikuwa juu ya meza, zimekaa kama samaki aliyeoza. Nilimwambia Mwalimu azihesabu ndani ya deni. Akasema, "Hapana, zile umetoa. Haya, lete elfu kumi na saba na mia tatu."

Fundi alipopata habari, aligeuza uso ukutani. Hakutushukuru, na hakuwa na sababu ya kutushukuru. Alimwita kijana akamwambia mbele ya mkewe, "Deni la mtu ni siri yangu na yeye. Umenivua nguo, nawe umewavua wateja wangu." Kijana alilia kama mtoto. Wiki mbili mlango ulifungwa kwetu. Kama kijana alifanya sawa au alikosea, nimewasikia watu wakibishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi naona alifanya sawa. Lakini mimi si wa kuhukumu, mimi nimo ukurasa wa kumi na nne.

Mlango ulipofunguliwa tukaingia wote kwa pamoja, na hilo nalo likawa kosa. Desturi yetu ni kumjulia hali mgonjwa, na mtu haendi mikono mitupu. Tukapeleka madafu. Mombasa, jua kali, mgonjwa amekonda, utampelekea nini kama si dafu? Tukapeleka machungwa, ndizi, tende za Oman kwenye kopo la bati. Siku moja mkewe akanivuta jikoni. Chini ya meza kulikuwa na madafu kumi na saba. "Nyinyi mwataka kumuua?" akauliza. Akanieleza alivyofundishwa hospitali: figo zikishindwa, potasiamu hubaki kwenye damu, na ikizidi moyo husimama. Dafu limejaa potasiamu, na ndizi, na chungwa, na tende. Maji yenyewe Fundi alikuwa amepimiwa kama nusu lita kwa siku, pamoja na chai na mchuzi. Kila mgeni aliyekuja na dafu alimlazimu yule mama kulificha, na mume akiliona alikuwa akilia kiu.

Halafu kulikuwa na chai. Wageni wanane kwa siku, kila mmoja hukirimiwa chai na mahamri, na kila kikombe chanywewa mbele ya mtu aliyekatazwa kunywa. Yule mama alikuwa akiamka saa tisa usiku kuumua unga ili sisi tumwonee huruma mumewe kwa raha. Nilitoka pale nikampigia Mama Datsun, na ni yeye aliyeweka sharti: wageni wawili kwa wiki, dakika ishirini, hakuna kula. Wanaobaki, kama mapenzi yamewazidi, wapeleke mkaa, sabuni na unga, waweke mlangoni waondoke. Baadhi walinuna. Walisema si mila yetu. Mama Datsun akawajibu kwamba mila zetu zilitungwa na watu waliokuwa na figo.

Tukawa na pesa, kadi ikaamka, na Mwalimu akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: pesa zilizobaki zifanye nini? Wengi walisema ziwekwe za hospitali. Mkewe akasema hospitali kadi inalipa. Kinachowala ni nauli, sindano za kuongeza damu, na kodi ya uwanja wa gereji ambayo ilikuwa imefikia miezi mitatu. Uwanja ukichukuliwa, alisema, mume wangu hatakufa kwa figo. Tukalipa kodi. Na tukakubaliana jambo moja zaidi ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na faida kuliko yote: kila mtu apeleke gari lake gereji kama kawaida, kijana alitengeneze, na pesa itoke siku hiyo hiyo gari linapotoka.

Kusema ni rahisi. Watu walikuwa tayari kumpa Fundi damu yao, lakini kumpa kijana Mercedes yao, hapo kila mmoja akakumbuka ana safari. Kwa kuwa kabureta yangu ilikuwa bado kwenye gazeti, ikawa zamu yangu.

Kijana aliiunga siku nzima. Fundi alikuwa kitandani, simu ya video mkononi mwangu, anatazama. Jioni, akikaza nati ya mwisho, tukasikia *tak*. Amekata uzi wa stadi. Nilimpigia kelele. Nilisema maneno nisiyopenda kuyarudia, nikataja na bei. Sauti ya Fundi ikatoka kwenye simu, ndogo, imechoka: "Bwana. Mimi nilikata tatu kabla sijaujua mkono wangu, na moja ilikuwa ya gari la polisi. Mwache." Kisha akamwambia kijana, "Toboa, tia uzi mpya. Fanya taratibu, usiku bado mchanga." Saa mbili usiku ikawaka, lakini ikawa yapanda na kushuka. Fundi akasema niisogeze simu karibu na injini. Akasikiliza huku kafumba macho. "Hewa yaingia mahali. Mwagia maji ya sabuni shingoni mwa kabureta." Kijana akamwagia, mlio ukabadilika pale pale, gasketi ilikuwa imekaa upande. Alipoiweka sawa, Fundi alikuwa kalala. Mkewe ndiye aliyekata simu.

Nilimlipa kijana pale pale. Alizihesabu pesa mara mbili, nadhani kwa mshangao.

Pijo yangu ikapata kazi mpya. Vipindi vya Fundi vilikuwa Jumanne na Ijumaa, na magari yalipeana zamu kumpeleka. Mara ya kwanza alikwenda kwa Land Rover, na zile springi zake za majani zilimrudisha nyumbani akitapika. Mtu anayetoka kwenye mashini presha yake huwa imeshuka, anasikia baridi kwenye joto la Mombasa, na misuli ya miguu inamkaza ghafla. Fundi akasema Pijo, basi. Mwenye kuipanda 504 anajua inavyobembea, kama mashua kwenye maji yaliyotulia. Ijumaa zikawa zangu. Alfajiri baada ya sala namchukua Changamwe, tunavuka Makupa kuingia kisiwani kabla malori hayajafunga njia, kikoi na mto viko kiti cha nyuma. Wiki za mwanzo nilikuwa nikimngoja nje zile saa nne za mashini, nikidhani ni wema. Akaniambia nikikaa pale anahisi kama abiria anayecheleweshewa wenzake gari. Nikawa naenda kazini na kurudi. Nilijifunza pia mguu ukimkaza nisiukande ovyo, bali niusukume wayo urudi juu polepole mpaka uachie. Hayo nilifundishwa na muuguzi mara moja. Nimeyafanya pengine mara mia.

Mzaha wa wakati ule mwaujua bila kuambiwa. Kila aliyemwona alisema, "Fundi, leo ni sabisi? Wamekubadilisha oili?" Alivumilia wiki tatu. Ya nne akatangaza kwa kinywa cha kijana kwamba atakayetaja oili atatozwa faini ya shilingi 200. Zilikusanywa 1,400 kabla ya watu kushika adabu, na Daktari Benz peke yake alitoa 600.

Kwa hiyo mimi nilikuwa mwangalifu sana siku aliponionyesha mkono. Walikuwa wamempasua mkono wa kushoto, wakaunganisha mshipa unaopeleka damu na unaorudisha, ili mshipa ukue na uweze kuchomwa sindano kubwa za mashini, mpira wa shingoni utoke. Wiki nyingi mkono ule husubiriwa ukomae. Haunyanyui kizito, haufungwi, haupimwi presha, haulaliwi. Kwa fundi ni kama kuambiwa mkono mmoja si wako tena. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya Makupa. Akakichukua kidole changu akakiweka juu ya kovu. Chini ya ngozi kulikuwa na mtetemo, mwembamba, usiokatika, na mimi kila nilichotaka kusema kilikuwa na faini. Nikanyamaza. Yeye akaegemeza kichwa dirishani. "Usiku nautia sikioni," akasema. "Haukosi hata pigo moja. Haya, ondoa gari, waja kutupigia honi."

Habari ya kupandikizwa figo tulizungumza mara moja tu. Bintiye alijitolea, Fundi alikataa, na namna alivyokataa haikuacha nafasi ya kuuliza tena. Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka ikaja SHA, bima mpya ya serikali, ambayo mtu wa jua kali hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, Mwalimu Beetle alikwisha kumsajili na pesa zimetengwa. Safari hii hatukungoja kadi ilale.

Sasa Fundi yuko gereji Jumatano na Alhamisi, na Jumamosi akijisikia. Anakaa kwenye benchi la Datsun, mkono wa kushoto juu ya paja, wa kulia umeshika bisibisi ndefu ambayo ncha yake huiweka kwenye injini na mpini wake sikioni. Kijana ndiye anayeingia uvunguni, na ana kijana wake mwingine wa kumtuma. Wateja hulipa siku hiyo hiyo. Karibu wote.

Mwezi uliopita pampu yangu ya maji ilianza kuvuja tena. Kijana akaibadilisha, kisha akafungua kava la injini, akapima na nafasi za tepeti, inteki milimita 0.10, ekzosti 0.25, akamwonyesha Fundi kila moja kwa macho naye akaitikia kwa kope. Nikauliza bei. Fundi akavuta daftari kutoka chini ya kiti. Ni jipya, la jalada gumu. Akalifungua, nikaona kwamba safari hii ameligawa katikati. Kurasa za kushoto ni zetu, kama zamani. Za kulia ni zake.

Ijumaa 8 Julai 2022, Pijo Nyeupe, kwenda na kurudi. Ijumaa 15 Julai, Pijo Nyeupe, kwenda na kurudi, foleni. Ijumaa 22. Mstari kwa mstari, kila safari na kadirio la petroli yake, mwaka mzima na mwingine tena, na pembeni kazi alizonifanyia tangu hapo zikipunguzwa moja baada ya nyingine. Kwenye kurasa nyingine niliona mkaa wa Mama Datsun, kilo na tarehe. Niliona hata kikoi changu.

"Fundi, haya ya nini? Sisi hatukukuandika."

"Ndiyo maana nikaandika mimi."

"Mimi siwezi kukutoza petroli."

"Hujanitoza. Nimekulipa." Akapitisha kidole kwenye safu, midomo ikihesabu, akafika chini, akapiga mstari kwa rula. "Pampu imetoka. Tepeti zimetoka nusu. Bado una mia nane yangu."

Nilimtazama kijana anisaidie. Kijana alikuwa akifuta spana namba kumi na tatu ambayo ilikuwa safi tayari.

Nikatoa simu.